Ngoma katika nyumba ya kilio

Mashini ilirudi nyumbani Henriette akiwa amekwisha kuzikwa. Clovis, fundi wa ordinatere, yaani kompyuta, karibu na soko ya Kikula, aliileta juu ya baiskeli. Akaipanga kwenye meza ya marehemu, pale dirishani, akasema pole. Kisha akasema:

— Papa Banza, système ya zamani ilikufa. Bantu balikuwa banaleta virus mu maclé yabo ya USB, ikaikula. Nimetia ingine, inaitwa Linux.

— Na makaratasi ya Henriette?

— Yote iko mule ndani. Njia tu njo ilibadilika.

Mimi ni mwashi. Masomo sikuingia. Herufi nilifundishwa na Henriette, mke wangu, wakati tulikuwa tayari na watoto. Yeye ndiye alikuwa na kazi ya kuandikia watu: programu za misa, mialiko ya ndoa, barua za kuomba kazi. Jioni nilikuwa nikikaa nyuma yake na kuangalia. Kwa kuangalia tu, nikajua kidogo. Unabonyeza pale chini kushoto, mlango unafunguka.

Sasa pale chini kushoto hapakuwa na kitu.

Kwetu, mke akikufa, vitu vyake vinarudi kwa ndugu zake siku ya kumaliza kilio. Wanatandika mkeka, wanagawa maguo, masufuria, viatu. Sikubisha. Wachukue. Lakini kabla siku ile haijafika, mulamu wangu Symphorien, kaka yake wa Kambove, alisimama mbele ya wazee wa pande mbili akanyoosha kidole kwenye meza.

— Na ile ordinatere. Mutoto yangu iko mu biashara ya mawe ya madini, atatumika nayo kazi.

— Hii hapana, nikasema.

— Mulamu, utafanya nayo nini? Utasonga nayo bukari?

Watu wakacheka, hata katika kilio.

— Nitatumika.

— Weye? Weye unajua mwiko na fil à plomb ya kunyoosha ukuta!

— Nitatumika, nimesema.

Wazee wakakata neno. Siku ya kumaliza kilio, Banza atakaa mbele ya mashini peke yake, bila mtu wa kumsaidia, atoe karatasi moja iliyoandikwa. Akiweza, inabaki. Akishindwa, inaenda Kambove.

Symphorien akafurahi. Alijua amekwisha kuipata.

Asubuhi iliyofuata nikageuza ndoo yangu ya simenti, nikakaa juu yake. Kiti cha Henriette nilikisukuma pembeni. Nikabonyeza.

Mashini ikapiga ngoma.

Ngoma kabisa! Dum-dum, dum-dum, na kengele mwishoni, kama watu wanaingiza bibi-harusi. Nyumba yangu ilikuwa ya kilio. Televisheni ilifunikwa na kitambaa, redio haikuwa inaimba. Georgette, dada mkubwa wa Henriette, aliyebaki kwangu mpaka kilio kiishe, akatoka mbio jikoni na mwiko mkononi, unga bado unadondoka.

— Mulamu! Ngoma? Mu nyumba ya dada yangu?

— Hapana minye. Ni mashini.

— Mashini inacheza juu ya nani?

Nikang'oa waya ukutani.

Nikaenda kwa Clovis. Akacheka mpaka akashika meza.

— Njo salamu yake, Papa. Lete, naikata sasa hivi.

— Usiguse. Weye ukifanya, njo weye utajua. Minye nitajua nini?

— Basi bonyeza. Ukikosa, bonyeza pengine. Haiue muntu.

Hayo ndiyo masomo yangu yote.

Kesho yake niliifunika na blanketi. Ngoma ikapita ndani ya blanketi. Nikaongeza mto. Ikapita. Mama Shekina, jirani yetu, mtu wa maombi sana, akasimama kwenye lupango, ua wa nyumba yetu.

— Papa Banza, Mungu anakuona. Bibi hajaoza, weye unapiga muziki! Unatafuta mwanamuke?

— Natafuta mahali pa kuizimisha. Unapajua?

— Minye?

— Basi acha nitafute.

Akaenda kueneza habari ile mpaka mtaa wa Panda. Nikaendelea. Kila asubuhi, ngoma. Watu waliokuwa wakipita walianza kupunguza mwendo mbele ya dirisha langu. Niliacha dirisha wazi. Waone.

Kazi ya mwashi ni hivi: ukuta ukienda upande, unabomoa, unaanza tena, hakuna aibu. Nikafanya vile. Kidole changu kimoja kinafunika herufi mbili, kwa hiyo nilibonyeza na kalamu. Nilifungua vitu nikashindwa kuvifunga. Nilipoteza ule mstari wa juu wenye saa, nikaukuta tena, sijui namna gani. Imprimante ikatema karatasi tupu, moja nyuma ya nyingine, mpaka nikaikamata mdomo.

Siku moja nilikuwa bado natafuta ile ngoma. Nikaingia mahali penye alama ya écran, kile kioo cha mashini. Nikabonyeza, mashini ikaniuliza neno la Kifaransa na kunipa ndiyo na hapana. Tangu Henriette alikufa watu wote walikuwa wananiuliza maneno: jeneza gani, padri gani, tuzike wapi. Nilikuwa ninajibu ndiyo, bila kusikia.

Nikabonyeza ndiyo.

Écran ikageuka kichwa chini.

Kila kitu. Saa ilienda chini, maandiko yakalala miguu juu. Nikisukuma souris, ile panya yake, kulia, mshale unaenda kushoto. Nilibonyeza pote, haikurudi. Nikakaa juu ya ndoo. Nilifikiri: basi, iende Kambove.

Kisha nikatoka nje, nikachukua matofali mawili.

Nikaishika écran, nikaigeuza, nikailaza kwenye matofali, mgongo kwenye ukuta, mguu wake juu hewani. Nikaangalia. Maandiko yalisimama vizuri. Souris ikaenda kulia, mshale ukaenda kulia.

Nikaendelea na kazi.

Georgette akaingia na chai. Akainamisha kichwa, akakinyoosha.

— Mulamu, ile kintu imekufa?

— Hapana. Imegeuka tu.

— Eh, Banza. Dada yangu aliolewa na muntu wa ajabu.

Akaweka chai. Lakini hakutoka. Akakaa chini kwenye mkeka, akaangalia mgongo wangu, kama mimi nilivyokuwa nikiangalia mgongo wa Henriette. Kesho yake akakaa tena.

Ile alama ya sauti niliipata mwishowe, ndogo, juu kabisa, kwenye kona. Nikaikata. Asubuhi mashini ikawaka kimya. Nilifurahi peke yangu. Georgette akachungulia kutoka jikoni.

— Leo haikulia?

— Nimeikata. Si weye ulilia juu yake?

Akasimama pale na mwiko wake.

— Nilizoea, akasema. Ikilia, ni kama muntu ameamuka mu ile chumba.

Alipotoka niliirudisha.

Siku ya kumaliza kilio watu walijaa lupango. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulikuwa tayari, masufuria ya Henriette yalipangwa juu ya mkeka. Mungu alisaidia, courant ya umeme ilikuwako. Symphorien alifika na gari ya kukodi, na kamba za kufungia mzigo. Kamba! Akaingia na wazee, akaona écran juu ya matofali, mguu hewani.

— Ha! Bazee, muone! Hata kusimamisha hajue! Kichwa chini!

Wengine wakacheka. Akavuta kiti cha Henriette akae.

— Pale hapana, nikasema. Simama.

Akasimama.

Nikakaa juu ya ndoo yangu. Nikabonyeza. Ngoma ikalia, dum-dum, dum-dum, na kengele. Watu waliokuwa nje wakageukia dirisha. Mama Shekina akafungua mdomo. Georgette, hapo nyuma yangu, akapiga vigelegele. Basi wanawake wote wakamfuata, kwa sababu kilio kilikuwa kinaisha na kuimba kulikuwa halali tangu saa ile.

— Hii si kazi! Symphorien akapiga kelele. Ni ngoma tu! Na écran iko kichwa chini!

— Mulikata neno gani? nikauliza wazee. Écran, ao karatasi?

— Karatasi, akajibu mzee wa upande wa Symphorien mwenyewe.

— Basi mungoje karatasi.

Nikafungua mahali pa kuandika. Nikaandika na kalamu yangu, herufi moja, kisha nyingine. Walichoka. Mmoja alikohoa. Sikukimbia, ukuta ukikimbizwa unaanguka. Nilipomaliza nilibonyeza ile alama ya imprimante. Hakuna kitu. Symphorien akachukua kamba yake chini. Nikabonyeza tena.

Imprimante ikalia, ikavuta, ikatoa.

Karatasi ilitoka kichwa juu.

Nikaishika kwa ncha mbili, nikampa Symphorien.

— Soma, mulamu. Weye ulisoma.

Akaiangalia. Wazee wakangoja. Akasoma kwa sauti ndogo, na mzee akamwambia aongeze. Akaongeza:

— MASHINI YA HENRIETTE HAITOKE HAPA.

Watu wa nje walisikia.

— Umeandika na maherufi kubwa yote, akasema. Si vile banaandikaka.

— Ni kusudi usikie muzuri.

Ukweli, herufi ndogo nilikuwa bado sijapata njia yake. Nimeipata kisha.

Alikunja kamba. Alichukua masufuria na viatu, haki yake, akaenda Kambove. Ile karatasi niliibandika mlangoni, chini ya kibao cha Henriette cha kuita wateja. Wateja wameanza kurudi. Wanaona écran imelala mguu juu, wanataka kunisaidia kuigeuza.

Ninawaambia wasiguse.