Maji ya Dua ya Kamali

Kamali, fundi cherehani wa Kamembe, alirudi kutoka Kigali akiwa na mshono chini ya kofia, na mtaa mzima ukaona muujiza. Uvimbe ulikuwa umetolewa kwenye ubongo wake, naye anakula, anacheka, anadai chai. Mkewe Mwavita, muuza vitenge asiyejua kukaa kimya, alipokea wageni kama bibi harusi.

Kila mgeni alikuja na chupa. Ndiyo desturi ya Waislamu wa pale: mgonjwa huletewa maji yaliyosomewa Kurani. Huko Kigali madaktari waliagiza anywe kiasi, lakini maji ya dua, jamani, nani amewahi kuyapimia kiasi?

"Kunywa, Papa Zuhura. Hii ni ya shehe mwenyewe," Mwavita alimhimiza mumewe kwa jina la mtoto wao, akimshikisha kikombe.

Kichwa kikaanza kumuuma, akatapika. Wakamwongezea maji. Asubuhi moja Mwavita alimkuta ameshika kijiko, anatafuta tundu la kupitisha uzi. Akacheka, akidhani ni utani wake. Ghafla macho ya Kamali yakapinduka, mwili ukakakamaa, akaanguka akitetemeka, povu mdomoni. Mwavita alipiga yowe hadi majirani wakaacha chai zao.

Hospitalini walimpima damu. Daktari Dominique akatoka mbio.

"Maman, chumvi ya damu imeshuka vibaya. Wakishapasua kichwa, mwili unaweza kushindwa kutoa mayi. Alikunywa mingi?"

"Docteur, ilikuwa mayi ya dua!"

"Dua haina kosa. Ni mayi. Ikizidi, ubongo inavimba."

Mwavita aliketi sakafuni, akautazama mkono wake. Mkono huu huu! Nusura amuue mumewe kwa kikombe, huku akisema bismillahi. Hata machozi yalikataa kutoka.

Wakamtundikia Kamali dripu ya chumvi, taratibu, na maji wakampimia kwa kikombe kidogo. Kamali alipozinduka, midomo ilikuwa imekauka.

"Mama Zuhura, nipatie mayi."

"Bado, Papa Zuhura."

"Kidogo tu."

"Nimekataa."

Akaanza kulia, mwanaume mzima. "Uko muchawi weye! Unataka nikufe, ubakie na mashini yangu!"

Wodi nzima ikageuka kumtazama Mwavita. Wakati huo huo wageni wakabisha hodi, chupa mikononi. Akaenda kuziba mlango kwa mwili wake.

"Muombe tu. Mayi mubaki nayo."

Nyuma yake Kamali alikuwa akiwaita wageni kwa majina, mmoja mmoja bila kukosea, waje wamwokoe na mke wake. Mwavita hakusogea.