Pengo la Vidole Viwili

Harufu ya udongo mbichi uliochanganyika na moshi bado hunipandisha hasira. Ndiyo harufu ya ua wetu kisiwani Rusinga, miaka michache baada ya uhuru, mama yangu akifinyanga vyungu vya kupeleka soko la Mbita. Chungu kikiwa bado kibichi, alibiringisha juu yake kamba fupi ya nyasi zilizosukwa, nayo ikachapa mstari wa pembetatu kukizunguka chote. Vya kuuza vilipata mstari mzima. Kwenye mtungi wetu wa maji peke yake aliacha pengo la vidole viwili, laini, bila alama. Pale palikuwa pa Akoth, dada yangu aliyekufa kwa surua. Hatukuwa na picha yake hata moja.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wa sanaa alituambia tulete vitu vya kuchapia. Wenzangu walichonga nyota kwenye mihogo. Mimi niliazima kamba ya mama, nikaipaka masizi na kuibiringisha kwenye karatasi mara saba, kila mstari nikiuachia pengo lake, mpaka njia nyeupe ikashuka katikati ya pembetatu zote. Mwalimu aliipenda, akaipeleka kwenye maonyesho ya shule Homa Bay. Mama alipanda mashua asubuhi, amevaa gauni lake la kanisani, kwenda kuona nafasi ya Akoth ikiwa imetundikwa ukutani.

Pengo halikuwepo. Mwalimu alikuwa amelijaza kwa rula na wino, pembetatu baada ya pembetatu, nadhifu kabisa.

"Mwalimu, hapa kulikuwa na mtoto wangu," mama alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, hizi ni pembetatu tu. Huyu msichana alisahau, mimi nimemmalizia."

"Nani alikuambia haijaisha?"

Mwalimu akacheka, akanipa zawadi ya penseli za rangi. Nami, mjinga mimi, nikasema, "Asante, mwalimu." Mama aliniangalia, kisha akatazama chini. Mwalimu nimemchukia miaka yote hii, lakini lile neno langu ndilo linalonichoma zaidi.

Mtungi ulivunjika zamani, na mama hayupo. Siku hizi nachapa picha kwa mbao za kuchonga, na watu wa mjini husimama mbele ya pembetatu zangu wakizungumzia maumbo na mpangilio, bila kuuliza pengo ni la nani. Juzi kijana wa kutengeneza fremu alinionyesha picha yangu kwenye kompyuta. Alikuwa ameliziba pengo, bure, bila kuombwa. Nilimfokea mpaka wateja wakatoka nje, nikasimama pale hadi alipolirudisha. Asante sikumpa.