Milimita Tatu za Rula

Mochwari walimwita Rula, maana miaka ishirini alikuwa akipima mioyo ya marehemu kwa rula ya chuma. Mdogo wake wa kike alipimia mioyo ghorofani, kwa altrasaundi, ya watu walio hai na wenye kusema asante. Hata mama yao, akiulizwa watoto wake wanafanya kazi gani, humtaja binti, kisha hukohoa. Kijicho kilimtafuna Rula.

Mwezi huo daktari mkuu akaagiza kila maiti ishuke na faili lake, vipimo vilinganishwe. Rula akachekelea kimoyomoyo. Faili la kwanza lilisema ukuta wa moyo ni milimita kumi na mbili. Rula ikasema kumi na tano. Akapanda ngazi mbili mbili, rula mkononi, akambwagia dada yake karatasi mezani.

"Leo umechemsha, bibi mkubwa."

Dada akasoma bila kununa. "Sijachemsha, kaka. Mimi niliupima umelegea, unajaa damu. Wako umekufa ukakakamaa, umejikunja kama ngumi. Lazima uwe mnene."

Rula akageukia mlango. Alipotaka kuitia rula mfukoni, ilibidi kwanza akunjue ngumi.