Ndala za Dada Yosefa

Ndala ikiungua, hata niwe wapi, narudi kijijini kwetu Mwamkulu. Juzi jirani kachoma takataka zake, ule moshi mweusi ukanikaba, nikasimama katikati ya uwanja na ndoo mkononi. Mke wangu akadhani malaria imepanda kichwani.

Nilikuwa darasa la nne, ambalo nililisoma mara mbili, kwa hiyo nalijua kuliko wenzangu. Dada yangu Yosefa alikuwa la sita, na yeye kichwa kilikuwa kinachaji kweli. Basi mguu wake wa kushoto ukaanza kukauka, shule mbali, akashindwa kutembea mpaka huko. Baba akasema apumzike nyumbani. Mimi nikajitangaza injinia: nitamtengenezea toroli, nitamsukuma mwenyewe kila asubuhi.

Magurudumu nilikata kwenye gogo la mti mbichi. Kavu lilikuwepo, ila lilikuwa gumu na mimi nilikuwa mvivu. Ekseli ikawa mpini wa jembe, grisi ikawa mawese ya mama, kwa hiyo toroli lilinukia mboga. Nikakwama kwenye tairi. Yosefa akavua ndala zake.

"Kata hizi."

"We utavaa nini?"

"Kata bwana! Injinia gani maswali mengi hivyo?"

Nikazikata vipande, nikazichoma kidogo ziyeyuke, nikazibandika kwenye magurudumu. Ndiyo harufu yenyewe hiyo.

Halafu nikalianika toroli juani wiki nzima, eti likomae. Jumatatu Yosefa akavaa sketi ya shule, akapanda, daftari mapajani. Hatukumaliza hata shamba la kwanza la mpunga. Lile gogo lilishakauka likaanza kupasuka. Gurudumu moja likaachana vipande viwili, dada akamwagika kwenye vumbi. Akacheka mpaka machozi.

"Si haba, nimesafiri," akasema.

Nililia mimi. Nikamwahidi toroli lingine, la mti mkavu. Mpaka leo.

Shule hakurudi. Yupo pale pale nyumbani, anamenya karanga za watu. Mimi niliacha kidato cha pili, sasa nachomelea mageti, na mengine hayafungi.

Miaka yote nilijisifu kwamba dada aliniamini mpaka akanipa ndala zake. Juzi kwenye ule moshi ndiyo nimeelewa. Alikuwa na pea ile moja tu. Mtu anayetegemea kurudi shule hatoi ndala zake zikatwe.