Taa za Majirani Waliokimbia

Kazi ya nguzo za umeme inataka watu wawili. Mmoja anapanda, mwingine anabaki chini akimwangalia. Lakini miaka ile ya vita Bujumbura iligawanyika mtaa kwa mtaa. Mwenzangu hakuweza kukanyaga Kinama, mtaa wa upande wetu, na mimi sikuweza kukanyaga mitaa ya kwao. Basi tuligawana mji, kila mmoja akawa anapanda peke yake. Nilikuwa nimeacha masomo ya fizikia chuoni kwa sababu ya vita hivyohivyo, na shefu, mkuu wetu wa kazi, aliniita Profeseri, wala si kwa heshima.

Alasiri moja yenye mawingu dereva alinishusha kwenye kizuizi cha wanajeshi cha kuingilia Kinama, akageuza gari. Waya ulikuwa umekatwa na risasi. Nilitembea mpaka kwenye nguzo bila kukutana na mtu.

"Huku tumezima," shefu alisema kwenye redio kutoka kituoni. "Panda."

"Umezima, ama wamekuambia imezimwa?"

"Panda tu, Profeseri. Ukishuka utatufundisha."

Niligonga nguzo kwa nyundo nisikie kama imeoza ndani. Kisha niliinua fimbo ya kupimia mpaka ikagusa waya. Taa yake ikawaka nyekundu: umeme upo. Nikapima tena. Nyekundu.

Shefu aliapa kwamba kwake hakuna kitu. Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa. Kama umeme haukutoka kwake, ulitoka wapi? Nikageuka kutazama mtaa. Milango ilikuwa na kufuli, nyasi zimeota mbele ya vizingiti, na kwenye baraza kadhaa taa zilikuwa zinawaka.

Nilifuata mngurumo mpaka uani kwa mzee mmoja aliyekaa kando ya jenereta ndogo, grupe kama tulivyoiita sisi. Waya wa jenereta ulikuwa umechomekwa kwenye ukuta wa nyumba.

"Muzee, umesahau kuzima swichi kubwa. Moto wa grupe yako unatoka inje, unapanda mu laini."

"Sikusahau."

"We unajua unaweza kuua mutu?"

"Mutu gani? Umeona mutu hapa?"

"Mi. Mi ndiye nataka kupanda."

Akaizima jenereta bila kubisha.

"Hii grupe ni kidogo," alisema. "Haiwezi kubeba barabara muzima. Sasa inaweza kwa sababu majirani hawako. Siku watarudi, mama mumoja atachomeka pasi, ya pili redio, grupe itashindwa, itakufa. Ndiyo nitajua wamerudi."

Nilitafuta kosa katika hesabu hiyo, sikuliona.

"Na nikiwa juu, utaiwasha?"

"Nitakaa chini ya nguzo."

"Nitajuaje utakaa?"

Alicheka, akafungua kamba ya kuwashia jenereta akaniwekea mkononi. Hata hivyo nilipopanda nilifunga nyaya zote pamoja na kuziunganisha na ardhi, pande zote mbili za mahali pa kazi, ili umeme ukija uishie ardhini, kabla ya kugusa chochote. Mzee akakalia sanduku langu la vifaa, shingo ameiinua. Hakuna aliyekuwa amenitazama hivyo tangu nilipotengana na mwenzangu.

"Mukono wa kushoto, kijana. Angalia ile waya."

"Imekufa, muzee."

"Nani amekuambia?"

Nilicheka peke yangu kule juu.

Nilipomaliza nilirudi naye uani. Kesho umeme ungekatika tena, na nguzoni ningepanda mimi au mtu asiyependa kuuliza. Nilitoa koleo, nikaukata waya ule kati ya jenereta na ukuta. Hakunizuia.

"Sasa nitajua namna gani kama wamerudi?"

"Utawasikia, muzee."

"Apana. Wanaogopa. Watarudi kimya."

Nilimrudishia kamba yake, nikachukua sanduku langu, nikaelekea kizuizini kabla giza halijaingia.