Ndoto ya Nkambo Yenye Sikuota

Bandugu, muniache niseme mbele roho ibadilike. Mutoto wangu, minyi baba yake njo nilimuharibia masomo. Haikuwa prof wake wa masomo, haikuwa bulozi, ule uchawi ya jirani, vile mama yake anawazaka. Ni minyi.

Bantu ba huku Kamina banajua: mutoto akibeba jina ya nkambo, babu yake, haumuite tena mutoto. Kijana wangu wa kwanza alibeba jina ya baba yangu mwenye alikufaka. Tangu alizaliwa namuitaka "Tata", ni kusema baba. Yeye ananiitaka "Papa". Alikuwa akicheka, bazee banasema, "Angalia, mubaba alirudia."

Baba yangu alikuwaka infirmier, muuguzi ku hôpital ya misioni. Bantu balikuwa banatoka mpaka Mulongo na samaki ya kumushukuru. Minyi niko tu karani, kazi yangu ni kupiga tampon, muhuri, ku makaratasi. Niliweka mu kichwa asema huyu mutoto atakuwa docteur, jina ya baba isikike tena.

Tata akamaliza huitième, mwaka wa munane, saa ya kuchagua option, njia ya masomo ya sekondari, ikafika. Minyi nilitaka Bio-Chimie, njia ya badocteur; yeye alitaka Math-Physique. Hesabu ilikuwa mu damu yake. Ukuta ya nyuma ya nyumba ilikuwa nyeusi na hesabu ya makala, makaa ya moto, pale alikuwa anafundishaka batoto ba jirani. Prof wa mathématiques alikuya yeye mwenyewe ku nyumba, akaniambia:

"Papa, huyu muache afuate hesabu. Bio-Chimie iko muzuri, lakini haiko yake."

Nilimupa kiti, nilimupa maji, nilimushukuru. Na mu roho nilikuwa nasema, weye uko nani ku mutoto wangu?

Kisha prof kuenda, Tata aliniambia na heshima: "Papa, kila siku unaniita Tata. Tata hawezi kuchagua?"

Muntu wa akili angenyamaza pale. Minyi kiburi ilinishika.

Asubuhi ya kesho, tuko tunakunywa chai, nilisema: "Nilimuota mubaba. Alikuya na nguo yake nyeupe ya hôpital. Alisema jina yake iingie Bio-Chimie."

Bongo, uwongo mutupu! Sikuota kitu. Minyi muntu wa kanisa, Méthodiste wa kuzaliwa, mwenye nafundishaka batoto siku ya yenga, Jumapili, asema ndoto isitawale muntu, niliweka maneno mu kinywa ya baba yangu mwenye iko chini ya udongo.

Tata aliweka kikombe chini. Aliuliza tu, "Nkambo alisema vile?"

"Alisema vile."

Hakubisha tena. Atabisha namna gani na mwenye jina?

Basi akaingia Bio-Chimie. Ile miaka yote nilikuwa naona mutoto anakauka. Anakariri majina ya mifupa na ya majani mpaka midomo inachoka, na ku interro, mitihani midogo ya darasa, yote imepotea. Ku ukuta, makala hakugusa tena. Na minyi, badala ya kusema kweli, nilikuwa namuambia, "Kaza roho, Nkambo anakuona." Nikapanga bongo juu ya bongo.

Siku matokeo ya Examen d'État, mutihani ya kumaliza sekondari, ilitoka, batoto ba mutaa yetu benye balifaulu balikuwa beupe na unga ya poudre ya kusherehekea, banaimba mu barabara. Mama yake naye alikuwa amenunua boîte ya poudre, ameificha mu kitenge. Message ikaingia mu telefone: Tata alianguka mutihani. Ile boîte iko mpaka leo juu ya kabati, hakuna mwenye aliifungua.

Kesho yake Tata hakuonekana. Nilimutafuta mpaka ku malalo. Nilimukuta amelima majani yote ku kaburi ya baba yangu, amepiga magoti, anasema: "Nkambo, unisamehe. Ulinituma, sikuweza. Ukitaka, ukamate jina yako, upe mwingine."

Yoo, bandugu. Nilimuambia palepale: "Tata, Nkambo hakukutuma. Sikumuota."

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Alipangusa udongo ku magoti, akaniangalia sawa vile muntu anaangalia mugeni.

"Sasa ile miaka yote," akauliza, "nilikuwa naomba nani anisaidie?"

Alinipita, akatoka ku malalo peke yake.

Siku hizi Tata iko Kinkondja, ku bandugu ba mama yake, anakausha samaki. Kazi ya samaki haiko haya, haya ni yangu. Prof alimutumia neno asema arudilie Math-Physique, atamusaidia. Tata alijibu asema kichwa yake ilichoka. Nilienda kumuona. Nilimuita, "Tata!" Hakugeuka. Nikaita tena, mpaka mama mumoja mwenye alikuwa anageuza samaki akanihurumia.

"Papa, huku tunamuitaka na jina ya batizo. Ile ingine anasema aliiacha Kamina."

Bazazi benzangu, ukitaka kukatalia mutoto wako option, umukatalie na kinywa yako weye mwenyewe. Atalia, atakuchukia kidogo, itapita. Lakini musitume bantu ba kufa kusema mambo yenu. Ku nyumba yangu ukuta ingali na makala yake, mama yake anakatazaka bantu kuipangusa. Na jina ya baba yangu, hakuna tena mwenye anaiitika.