Panya wa Mzee Mihayo

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kadiri ninavyoikumbuka ndivyo inavyozidi kunichanganya. Usicheke nikikuita mwanangu. Niko darasa la saba, ndevu mbili zimeshatoka, na wewe bado hujajua kupenga kamasi. Aliyetangulia katangulia.

Wimbo wenu wa kuhesabiana kabla ya kombolela, huo wa "paka mla panya", sisi tuliuimba hivi:

Mnyamwezi mla panya,
mkia kampa nani?
Kampa mkwe wake,
wewe toka nje!

Na Mnyamwezi mwenyewe alikuwepo. Mzee Mihayo, hamali wa sokoni Kariakoo, alipita kila asubuhi na mkokoteni wake, na bibi yangu, Mzaramo wa kuzaliwa, akamwimbia huku anageuza vitumbua. Mzee alijibu, "Nyie Wazaramo, ngoma ikilia Buguruni mnaacha hata maiti!" Bibi alicheka mpaka kitumbua kikaungua. Watani hao, mwanangu. Tangu mababu wanatukanana na kuzikana.

Basi akahamia Eliya, mtoto wa mwenye duka kutoka Kilimanjaro. Mpole, hana rafiki, na (nisiwe mnafiki) ana mpira wa ngozi. Nikataka ajione mwenzetu. Nikawaza, Mzee Mihayo akitiwa kwenye wimbo anafurahi, basi na Eliya tumtie. Nikapaza sauti, "Mchaga mla panya!"

Eliya alinitazama, akachukua mpira wake, akaondoka analia.

Jioni baba yake yuko barazani kwetu. "Shikamoo mama. Kwetu panya hatuli. Na mtoto anataka kesho nimrudishe Moshi."

Bibi kanishika sikio. Nikasema moyoni, angalau Mzee Mihayo atanitetea, maana nimempumzisha. Wapi! Mzee aliegesha mkokoteni, kafura kuliko baba Eliya.

"Nani kaniondoa kwenye wimbo? Nimekufa?"

Hapo nikapotea kabisa. Aliyetiwa analia, aliyetolewa ananuna!

"Mzee, si maneno ni yale yale?"

"Yale yale, mjukuu wangu. Ila mimi nina la kumjibu bibi yako. Huyu mtoto atakujibu nini? Utani una wenyewe. Mkuki kwa nguruwe."

Bibi akaniachia sikio. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba utotoni mwake wimbo ule ulianza na neno "mtumwa". Binti mmoja, ambaye mama yake aliuzwa kweli, hakutoka tena kucheza. Ndipo wakubwa wakalitoa neno, wakatia Mnyamwezi na panya wake.

Mzee akaniburuta hadi dukani kwa kina Eliya, nikaomba radhi. Eliya akafuta machozi, akauliza moja tu: "Na mimi mtani wangu nani?"

"Wapare," akasema Mzee.

Tulimtafuta Mpare Kariakoo nzima. Tukampata mtaa wa Gerezani, fundi viatu, na kabla Eliya hajafungua mdomo yule fundi akaanza yeye kumtania. Eliya alirudi anang'aa. Moshi hakwenda.

Bibi tulimzika mwaka jana. Mzee Mihayo alijilaza kaburini, akasema hatoki mpaka bibi amjibu. Watu walicheka na kulia pamoja.

Sasa mwalimu wenu kawapa paka. Sawa, paka haendi kushtaki. Lakini jana mlipokuwa mnahesabiana, Mzee alisimamisha mkokoteni, akasubiri. Mkamtaja paka. Akainama kushika vishikio vyake. Mimi ni mjukuu wa mtani wake, nikapiga kelele, "Mla panya!" Akageuka, meno yote nje: "Mwana wa ngoma! Nilidhani mmekwisha!"

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii umrudishe panya, wala umfukuze paka. Hilo hata mimi halijanikaa sawa. Nakuambia hili tu: ukimtia mtu kwenye wimbo, mwimbie akiwepo, na zamu yake ikifika nyamaza naye akujibu. Asiye na la kukujibu, mwache kabisa.

Mungu akukuze, akukaushe kamasi, akupe mtani wa kukutukana mpaka siku ya kukuzika.